Kitufe cha Thibitisha

Nimeishika dakika kumi na tisa. Okeyo anahesabu.
Duka lake liko ghorofani, nyuma ya soko la Jubilee,
feni inapuliza upande mmoja tu wa uso wangu.
"Kumbukumbu gigabaiti kumi na mbili," asema,
"kioo hakijui mkwaruzo, chaji nusu saa umetoka."
Anaisifu kama mshenga
anayejua fika kwamba bibi harusi ana ulimi.

Ni kweli, ni nyepesi.
Nikiigusa inaitika kabla sijamaliza kugusa,
mithili ya mtoto aliyeahidiwa mandazi.
Programu yangu, iliyoganda jana mara tatu,
humu inateleza, mrenda kooni.
Huku naandika, huku najaribu,
huku kosa lajitaja lenyewe kwa jina na mstari.
Nisingeamka tena saa tisa za usiku
kuvizia kompyuta ipoe.

Elfu themanini na nne.
Kwa lipa pole pole, miezi kumi na minane:
mtoto wa Mmbone, ambaye bado yuko tumboni,
ataota meno na kuyatumia
nami ningali namlipa Okeyo kioo.

Lakini programu si ya Okeyo.
Ni ya mizani ya maziwa kule Chavakali,
alfajiri, nyasi zikiwa bado na maji,
karani Asava akitundika ndoo kwenye ndoano na kutaja kilo,
kila mkulima aione hesabu yake simuni kabla hajaondoka,
ili mwisho wa mwezi asiambiwe daftari lilinyeshewa.

Simu zao nimeziona.
Ya Kageha imefungwa mpira wa kufungia sukuma wiki,
betri imevimba, imeusukuma mgongo nje.
Ya Agoi imejaa picha za mazishi
na hana moyo wa kufuta hata moja;
programu yangu, megabaiti arobaini,
imekaa mlangoni kwake wiki nzima ikibisha hodi.
Ya Imali ina ufa
uliopita pale pale inapoandikwa kilo,
kwa hiyo saba ya Imali, kila asubuhi, ni moja.

Juzi nilisimama nyuma yake.
Aligusa Thibitisha. Kimya.
Akagusa tena. Akapangusa kidole kwenye leso, akagusa.
Mara ya tano simu ikazinduka
ikaandika ndoo moja mara tano:
kilo thelathini na tano.
Asava akacheka, "Leo ng'ombe wako kazaa mto!"
Foleni nzima ikacheka.
Imali akanigeukia, sauti chini,
akaniuliza kama kidole chake kina kasoro.

Kidole chake.

Kwenye simu hii ya Okeyo kitufe kile kinaitika papo hapo.
Nimekijaribu mara nane, sasa hivi, mbele yake.
Hakuna kosa. Hakuna ndoo ya pili.
Ningekuwa nayo mwezi uliopita
ningeapa kwamba kazi yangu ni safi,
na ningeapa kwa dhati.

"Kipya kinyemi," Okeyo anichokoza.
Simmalizii. Kidole gumba changu
bado kinapandisha na kushusha kioo, bila kazi,
kwa raha tu.

"Kwenye droo una nini?"
"Takataka. Za kung'oa vipuri."
"Nioneshe."
Anamwaga kaunta nzima: vioo vyenye utandu wa buibui,
moja bila kifuniko, moja yenye jina la mtu kwa kucha nyekundu.
Nachagua iliyo nzito kuliko zote. Elfu mbili na mia tatu.
Nabonyeza kuiwasha, nangoja.
Feni inazunguka. Chini mtu ananadi omena, anapumzika, ananadi tena.
Bado nangoja.

Okeyo hajairudisha ile mpya kwenye sanduku.
Ameiacha kaunta, kioo juu, inawaka.
Ananijua.